Sheria ya Profe Melba

Watu wa Quebrada Honda wakitaka kumsifu Melba Tróchez, Profe Melba kama tunavyowaita walimu hapa, husema ni mwalimu mkali. Mimi nimefundisha lugha chumba kinachopakana na chake kwa miaka kumi na minne, tumetenganishwa na ukuta wa mbao unaopitisha kila neno, na nasema ukali si sifa. Wakali tunao tele. Shule yetu ya sekondari imejaa wakali wanaoingia saa moja na nusu, wanaandika ubaoni, wanafuta, wanaondoka, na mwisho wa muhula wanawapa watoto alama za aibu kana kwamba wao wenyewe hawakuwapo darasani. Melba ana kitu kingine ambacho ni adimu hapa kwetu: akikosea, hujichukia hadharani. Nilikiona kwa macho yangu mwaka huu, na hasira yangu haijapoa mpaka leo, kwa hiyo msomaji anisamehe nikipandisha sauti.

Mama yake alikuwa mchuma kahawa. Melba alizaliwa katikati ya mavuno na kulazwa kwenye kikapu chini ya mibuni, na alipofikisha miaka saba alikuwa na kikapu chake kiunoni. Sekondari aliiingia akiwa na miaka ishirini na mbili, akakaa dawati moja na watoto waliomwita shangazi ili wamcheke. Ualimu aliusomea kila Jumamosi na Jumapili kwa miaka sita. Ni mwanamke mfupi, ana sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka kilima kimoja hadi kingine, na baleada yake ya asubuhi, chapati ya ngano iliyokunjwa na maharage ndani, huila akiwa wima, maharage yakimdondokea kwenye daftari la mahudhurio. Mtu wa namna hiyo hana subira na mtoto anayelala darasani. Anamwona amekalia kiti ambacho yeye alikililia.

Hapo ndipo ilipotoka ile sheria. Kwetu bendi huanza mazoezi Februari, na kuanzia Juni mji mzima unasikia ngoma. Kila shule ina bendi yake, na tarehe kumi na tano Septemba, siku ya uhuru, shule zote hupita barabara kuu kwa gwaride huku waamuzi wamekaa jukwaani. Miaka miwili iliyopita bendi yetu ilishika nafasi ya pili na watu wakalia kwa furaha. Ilipofika Novemba, nusu ya wapiga ngoma wakafeli. Melba alisimama kwenye kikao cha walimu akagonga meza.

"Hawa tunawafundisha kupiga ngoma au kusoma?" aliuliza. "Kuanzia mwakani, mwenye somo hata moja chini ya sabini asiguse ngoma. Aone wenzake wanapita, roho imuume, asome!"

Tulimpigia makofi. Mkuu wa shule, Don Arnulfo Rápalo, anayefundisha pia maarifa ya jamii, alisema samaki mkunje angali mbichi, na akaandika sheria hiyo kwa mkono wake. Mimi niliinua mkono kukubali, tena nadhani nilikuwa wa kwanza. Mwaka uliofuata wavulana watatu walijikaza wakapata sabini zao, na tukawaonyesha wazazi kama ushahidi. Wanne wengine waliacha shule. Tukasema hao walikuwa wavivu tangu zamani, tukaendelea na mambo yetu.

Mwaka huu, Jumatatu ya kwanza ya Julai, Don Arnulfo alibandika karatasi getini. Majina kumi na moja ya wanabendi waliokatazwa ngoma, kila jina na somo alilofeli mwenyewe, waziwazi, mahali ambapo mama wauza baleada na madereva wa teksi za pikipiki wote wanasoma. Jina la nne lilikuwa Oneyda Sabillón, darasa la tisa, hesabu, sitini na nne.

Oneyda alikuwa na miaka kumi na minne, msichana pekee aliyepiga ngoma kubwa. Wasichana wengine huzungusha fimbo mbele wakiwa na vishada kwenye buti. Yeye alijiunga Februari, akaomba ile ngoma ambayo ukiivaa tumboni huoni miguu yako. Kabla ya hapo alikuwa mtoro wa kutajwa. Wiki akija siku tatu, tulishukuru. Tangu Februari hadi siku ile ya karatasi hakukosa hata siku moja. Nimeliangalia daftari mwenyewe. Hakuna mwalimu hata mmoja kati yetu aliyejiuliza kwa nini, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Aliisoma karatasi akiwa amesimama nyuma ya wenzake. Mvulana mmoja akamwambia, "Sitini na nne! Hata ngoma yako ina akili kuliko wewe." Watu wakacheka. Siku ya pili Oneyda hakuja, wala ya tatu.

Siku ya nane ya masomo, Jumatano ya wiki iliyofuata, Melba alikuja mlangoni kwangu wakati wa mapumziko akiwa na daftari mkononi. "Nahún, Oneyda anaumwa?"

"Haumwi. Wanasema Jumapili anaondoka kwenda Choloma kwa mama yake. Mama anashona kiwandani, kuna watoto wadogo wawili wa kulea."

"Aache shule? Kwa sababu ya ngoma?"

"Kwa sababu ya sheria yako," nikamwambia. Nilisema kwa utani. Hakucheka.

Mchana ule tulipanda kwenda El Zapote, kitongoji kilicho juu ya mji, saa nzima kwa miguu kwenye matope. Njia nzima Melba alikuwa anamfokea Oneyda ambaye hakuwepo: mtoto hana shukrani, angejua wengine walichopitia, angepewa kikapu kiunoni angeona. Nilimwacha aseme. Nami nilidhani vivyo hivyo, ila mimi nilikuwa nimeishiwa pumzi.

Oneyda analelewa na bibi yake, Doña Tencha, mwanamke mkavu ambaye mikono yake haiachi kupiga chapati za mahindi hata akiongea na askofu. Alituona tukitokea kwenye uzio.

"Karibuni. Sogezeni huyo kuku mkae. Mmekuja kula, au mmekuja kumfelisha tena?"

"Tumekuja kumwona mtoto, Doña Tencha," Melba akasema.

"Mtoto yupo. Mngemwona huko shuleni, si alikuwa anakuja kila siku? Nilikuwa simwamshi tena. Saa kumi na moja ameshachana nywele. Nikasema, Bikira ametusikia. Kumbe Bikira alisikia, walimu hawakusikia."

Oneyda alikuwa nyuma anamenya maharage. Mfuko wa nguo ulikuwa umefungwa tayari, umewekwa juu ya pipa. Melba alikaa mbele yake.

"Mwanangu, ungepata alama sita tu zaidi ungekuwa unapiga ngoma sasa hivi. Sita tu! Kwa nini hukuniambia kwamba huelewi?"

"Nilikuambia, Profe."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Uliniambia nisome ukurasa wa kumi na mbili." Aliendelea kumenya. "Nikausoma mara nne. Ukurasa haukuniambia kitu."

Kuku alipita katikati yetu. Melba akatoa kalamu, akaandika nyuma ya bahasha: themanini na nne gawanya kwa sita. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Akampa.

Oneyda aliichukua bahasha, akaanza kuchora vijiti. Kimoja, kimoja, kimoja. Alichora vijiti themanini na vinne, huku midomo yake ikihesabu, kisha akaanza kuvizungushia duara, sita sita. Doña Tencha alipiga chapati nne katika muda huo. Mwishoni Oneyda alihesabu maduara akaandika kumi na nne. Jibu lilikuwa sahihi.

"Nani alikufundisha hivi?" Melba akauliza. Sauti yake ya kilimani ilikuwa imekwisha.

"Hakuna. Niligundua mwenyewe."

"Darasa la nne ulisomea wapi?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Darasa la nne lipi, Profe? Si ndio mwaka wa lile gonjwa? Masomo yalikuja kwa simu, na mimi simu sina. Mwaka ukaishia na vile vimbunga viwili, shule ikajaa magodoro ya waliokimbia maji. Walipofungua wakamwambia, wewe sasa ni darasa la tano. Akaenda. Angefanyaje?"

Basi ndivyo. Mtoto alirukishwa somo la kugawanya, na tangu siku ile kila mwalimu alimkuta hajui na kila mwalimu akamsogeza mbele. Kila Novemba alipita kwa mtihani wa marudio, ule wa kuchagua a, b, c, kwa kubahatisha. Na sisi, watu wenye vyeti, tulimwandikia "aongeze bidii". Bidii! Mtoto anayegawanya kwa vijiti themanini na vinne tunamwambia aongeze bidii! Hebu niambieni nani mvivu hapo.

Tulipokuwa tunashuka tulifika kijito. Hapo Melba alisimama katikati ya maji, viatu vikilowa.

"Miaka mitatu, Nahún. Miaka mitatu amekaa mbele yangu. Na kitu kimoja tu kilikuwa kinamleta, nikaenda nikamnyang'anya kwa mikono yangu, nikapigiwa makofi."

"Tulikuwa wote," nikasema.

"Wewe nyamaza."

Alhamisi mchana aliomba kikao. Tulikuwa walimu kumi na watatu tumebanana kwenye meza, feni inazunguka bila upepo. Melba alisema sheria ifutwe, watoto kumi na moja warudishiwe ngoma, na kila siku kabla ya mazoezi wapewe nusu saa ya somo walilofeli, kuanzia pale walipopotelea, hata kama ni darasa la pili.

Don Arnulfo alitabasamu kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia. "Profe, sheria ni yako. Wazazi wanaipenda. Hata jina wameipa lako."

"Nilikosea."

"Ukilegeza kamba leo, kesho wanakupanda kichwani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Wameshavunjika, Don Arnulfo. Wanne mwaka jana. Unajua wako wapi?"

Hakujua. Na sisi hatukujua.

"Sawa," Melba akasema. "Basi sheria iwe ya wote. Aliyefeli hapigi ngoma. Na mwalimu aliyefelisha zaidi ya nusu ya darasa, asitembee mbele ya gwaride na shati jipya na utepe kifuani. Akae kando ya barabara, roho imuume, afundishe."

Mngesikia kelele! Mkuki kwa nguruwe. Mwalimu wa sayansi alisema hiyo ni dharau kwa taaluma. Mwalimu wa michezo aliuliza kama yeye, ambaye hafelishi mtu, anaweza kutembea peke yake. Don Arnulfo aliita kura: nani anataka sheria ibaki kama ilivyo? Mikono tisa ikapanda. Nani anapinga? Mitatu. Jumla kumi na miwili. Wa kumi na tatu nilikuwa mimi, na mkono wangu ulibaki mezani karibu na kikombe. Sitajitetea. Nilikuwa nimeuona mfuko wa nguo juu ya pipa, nimeviona vijiti, halafu nikaogopa uso wa mkuu wa shule. Melba alinitazama mara moja tu akatoka.

Ijumaa asubuhi nilikuta watu wamejaa getini. Kando ya orodha ya watoto palikuwa na karatasi nyingine, imeandikwa kwa kalamu nene:

MELBA TRÓCHEZ, HESABU. DARASA LA TISA: WANAFUNZI 34. WALIOFELI: 19. KWA HIYO HAANDAMANI TAREHE KUMI NA TANO.

Chini yake: WALIMU WENGINE WAANDIKE HAPA. Na kalamu ilining'inia kwa uzi.

Kwetu kuwabandika watoto getini ni jambo la kawaida, hakuna anayeshtuka. Lakini mwalimu kujibandika mwenyewe, hilo halijawahi kuonekana. Mama wauza baleada waliacha maharage yakaungua. Mmoja, ambaye mwanawe alikuwa jina la saba kwenye ile orodha, alinishika mkono nikijaribu kupita.

"Profe Nahún, mbona unapita pembeni kama mwizi wa kuku? Kalamu si hiyo hapo, au imekauka?"

"Nina kipindi, doña."

"Kipindi kitakusubiri. Andika. Mwanangu mmemwandika bila kumwuliza kama ana kipindi."

Watu wakacheka, na kicheko kile nilikistahili. Niliandika: Nahún Perdomo, lugha, kumi na wawili. Haikufika nusu, ningeweza kuandamana, lakini kumi na wawili ni watoto kumi na wawili, na nilipoiona ile tarakimu kando ya jina langu, mbele za watu, nilijua kwa mara ya kwanza jinsi Oneyda alivyosimama pale.

Kisha akaja Don Arnulfo na mwavuli wake.

"Mkuu!" mama yule yule akaita. "Maarifa ya jamii wamefeli wangapi?"

"Mambo ya ndani ya shule hayo, doña."

"Ya ndani? Ya mwanangu yako nje hapa tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, mpaka mbwa wameyasoma!"

"Wangapi?" akauliza baba mmoja.

"Wangapi?" wakadakia wengine.

Walikuwa ishirini na wawili. Sote tulijua. Don Arnulfo alisimama huku mvua ikianza, akageuka mwekundu, akaitoa orodha yake getini akaikunja. Alisema kwa sauti ndogo kwamba sheria imesimamishwa kwa mwaka huu, kwa ajili ya amani. Halafu akabandua na ya Melba. Melba, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alikuja akaichukua mkononi mwake, akaibandika tena.

"Yako umeiondoa," akasema. "Yangu bado ni kweli."

Jumamosi alipanda El Zapote peke yake. Doña Tencha ndiye aliyenisimulia baadaye. Oneyda alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akauliza, "Ngoma narudishiwa kweli, au ni mpaka mtihani mwingine?"

"Kweli."

"Nikirudi, narudi kwa ajili ya ngoma. Si kwa ajili yako."

"Rudi hata kwa ajili ya kuku wa jirani," Melba akamjibu. "Ila rudi."

Mfuko ulifunguliwa. Mama kule Choloma alikasirika, akapiga simu duka la jirani akalia, na sina la kumlaumu. Naye alikuwa amebeba lake. Mtoto wa dada ya mama huyo ndiye aliyekwenda kulea wale wadogo.

Basi Julai, Agosti na nusu ya Septemba, kila siku saa saba mchana, nilisikia kupitia mbao zangu sauti ya Melba akifundisha darasa la nne. Waliofeli hesabu, watoto wenye ndevu changa na vifua vinavyoota, wakigawanya machungwa kwa watu. Hakuwacheka, wala hakuwaambia waongeze bidii. Aliyekosea alimwuliza, "Ulifikiriaje hapo?" kisha akasubiri jibu. Nami nilichukua wale wa lugha. Niliwakuta wawili hawajui kusoma sentensi ndefu hadi mwisho, na walikuwa wamekaa safu yangu ya nyuma tangu darasa la saba. Nilirudi nyumbani jioni ile nikashindwa kula. Ninasema hivyo bila aibu, kwa kuwa aibu yenyewe niliimaliza pale getini.

Don Arnulfo alipita dirishani mara kwa mara kuangalia kama tunavunja kanuni. Hakupata.

Tarehe kumi na tano bendi ilipita jua likiwa kali. Ngoma kubwa ya Oneyda ilisikika kabla bendi haijakata kona. Walimu walitembea mbele na mashati mapya, Don Arnulfo katikati na utepe. Melba alikaa kando ya barabara juu ya kreti ya soda pamoja na akina bibi, na mimi nikakaa naye. Watu walitunyooshea vidole. Oneyda alipita mbele yetu, jasho linamtiririka, macho mbele, hakugeuza hata shingo. Doña Tencha alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tulishika nafasi ya nne, wala simkumbuki aliyejali.

Lakini gwaride likiisha, ngoma huoshwa, hufungiwa stoo, na hazifunguliwi tena mpaka mwaka mwingine. Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza wiki nzima. Mtoto alisema mwenyewe anarudi kwa ajili ya ngoma. Na sasa ngoma hazipo, na Choloma iko palepale.

Jumatatu, siku ya kwanza ya masomo baada ya gwaride, Melba alisimama getini tangu saa moja. Kengele ikalia. Akaingia darasani akaita majina. Kupitia ukuta nilisikia, "Sabillón, Oneyda." Kimya. Akarudia. Kimya. Akaenda jina linalofuata, na sauti yake ilikuwa imepasuka kidogo.

Saa mbili kasoro kumi mlango wake ulilia. Nilitoka nje, siwezi kusema uongo, niliwaacha wanafunzi wangu nikaenda kusimama dirishani. Oneyda alikuwa mlangoni, matope mpaka magotini, amekumbatia daftari.

"Umechelewa," Melba akasema.

"Kijito kimejaa." Alibaki pale pale mlangoni. "Sijaja kwa sababu nimekusamehe, Profe. Nimekuja kwa sababu ile ya kugawanya yenye baki hatujamaliza."

"Usinisamehe," Melba akamwambia. "Kaa. Fungua daftari."